Kusoma Kiingereza cha kazini: neno unalodhani unalijua ndilo linaloponza

Mifuko 14 ya sukari ilinifundisha Kiingereza kuliko miaka minne ya sekondari. Ilikuwa masika, mzigo wa mifuko 200 umeshuka na treni kutoka Dar es Salaam, na mimi ndiye karani wa stoo ya mfanyabiashara mmoja hapa Mwanga, Kigoma. Dereva aliyeutoa stesheni alikuwa na haraka zake. "Mdogo wangu, nipigie saini niwahi," akaniambia, karatasi ameshailaza juu ya boneti. Juu ya mstari wa saini paliandikwa "Received in good order and condition." Kila neno pale nililijua: kupokea, nzuri, oda, hali. Nikasaini. Tulipofika safu ya chini tukakuta mifuko 14 imelowa, sukari inachuruzika sharubati.

Nilipiga simu siku ileile, nikajibiwa kwa upole kwamba wamesikia. Siku ya tisa bosi akaandika barua. Jibu lilikuwa fupi: mmesaini kwamba mzigo umefika salama, na malalamiko mmeleta nje ya siku saba. Siku saba zipi? Zilikuwa nyuma ya karatasi ileile, kwa herufi ndogo kama sisimizi. Hasara ikabaki kwetu, na kipande chake kikanifuata hadi kwenye mshahara.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyesimama pale kwenye boneti, awe karani, muuza duka, dereva, mtunza stoo au kijana anayeomba kazi kwenye mashirika ya Kasulu na Kibondo. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama nchini. Mezani ofisini, hata hivyo, ankara, mikataba na barua pepe nyingi zinaendelea kuja kwa Kiingereza. Kiingereza hicho si kipana. Ni maneno yaleyale yanayozungushwa kila siku. Na neno gumu si hatari sana, kwa sababu utaliuliza. Hatari ni lile unalodhani unalijua, ukalipita.

Hatua ya 1: Ijue karatasi kabla ya kuisoma

Usianze na mstari wa kwanza. Tazama jina la karatasi lililo juu, tazama nani anamwandikia nani, kisha shuka moja kwa moja hadi penye saini uone unatakiwa kukiri nini. Ukimaliza hayo, geuza nyuma.

Tuseme unaagiza bati 100 kutoka Dar. Unauliza bei, unaletewa "quotation". Hiyo ni bei tu, hakuna anayemdai mwenzake. Ikiwa na maneno "valid for 14 days", bei hiyo inakufa baada ya siku 14. Ukisema unataka, inakuja profoma, ankara ya kuombea hela kwa bosi au benki, ambayo bado si deni. Ofisi yako ikitoa LPO, yaani oda ya kununulia, hapo mmeanza kufungana. Bati zinafika na "delivery note", inayoeleza vimeletwa vitu vingapi, mara nyingi bila bei. "Invoice" ndiyo deni lenyewe. "Receipt" ni ushahidi kwamba deni limelipwa, na dukani ni ile inayotoka kwenye mashine ya EFD. Mwisho wa mwezi unaletewa "statement", orodha ya ulichochukua, ulicholipa na kilichobaki.

Niliwahi kumkuta mtu ametunza "invoice" kwenye faili la risiti mwaka mzima, akiamini ana ushahidi wa malipo. Alichokuwa nacho ni ushahidi wa kudaiwa.

Hatua ya 2: Nani afanye nini, na ni lazima au hiari

Sasa shika kalamu. Zungushia duara mtenda, piga mstari chini ya kitenzi. Kwenye mikataba watenda huandikwa kwa herufi kubwa mwanzoni, na wengi wanakuja wawiliwawili: "Employer" na "Employee", "Consignor" na "Consignee", "Payer" na "Payee", "Lessor" na "Lessee". Wanafanana hadi wanachanganya, lakini Kiswahili kimeshakupa ufunguo. Sisi tuna mwajiri na mwajiriwa. Mwenye mkia wa "-ee" ndiye "-wa" wetu, yaani anayeajiriwa, anayetumiwa mzigo, anayelipwa, anayepangishwa.

Kabla ya kitenzi kuna neno dogo lililobeba uzito wote. Shuleni tulikariri kwamba "shall" ni wakati ujao wa "I" na "we". Kwenye mkataba lisahau hilo somo. Pale "shall" maana yake ni lazima, na "shall not" ni marufuku. "May" ni hiari. Mwajiri akiandika "The Employer may pay a bonus", hajakuahidi hata senti, amejiruhusu tu kulipa akipenda. Nimeona watu wakigombana ofisini kwa sababu ya "may" moja waliyoisoma kama ahadi.

Hatua ya 3: Tafuta malango

Sentensi ndefu ya Kiingereza cha kazini ni nyumba yenye geti. Ndani kuna jambo, getini kuna sharti. Majina ya malango ni machache: "unless" ni isipokuwa, "subject to" ni kwa sharti la, "provided that" ni mradi tu, "except" ni kasoro, "notwithstanding" ni hata kama pengine pamesemwa vinginevyo. Ukiliona mojawapo, simama.

Chukua sentensi ya aina ile iliyonimaliza:

"The Carrier shall not be liable for any loss or damage unless a claim is made in writing within seven days of delivery."

Mtenda ni "Carrier", msafirishaji. Kitenzi ni "shall not be liable", hatawajibika. Hatawajibika kwa nini? "Any loss or damage", upotevu au uharibifu wowote. Ukiishia hapo unakata tamaa, unaona ameruka kila kitu. Lakini geti lipo: "unless". Baada yake ndipo ilipo haki yako, imejificha kama sharti: "a claim is made", dai liletwe, "in writing", kwa maandishi, "within seven days of delivery", ndani ya siku saba tangu mzigo ukabidhiwe. Sasa igeuze iwe amri kwako mwenyewe, kwa Kiswahili cha kawaida: nikikuta hasara, niandike barua kabla siku saba hazijaisha, la sivyo sipati kitu. Simu yangu ya siku ile haikuhesabiwa, kwa sababu sauti si maandishi.

Kugeuza huko ndiko kazi yenyewe. Usitafsiri sentensi nzima uzuri wake wote kama unafanya mtihani. Jiulize tu: hii inaniamuru mimi nifanye nini, au inamwamuru mwenzangu anifanyie nini?

Hatua ya 4: Rundo la majina lisome kuanzia mkiani

Utakutana na majina yamepangwa kama mabehewa bila kiunganishi: "cargo damage inspection report form". Kiswahili kinaanza na kitu chenyewe, kisha kinaeleza. Kiingereza kinaanza na maelezo, kitu chenyewe kinakuja mwisho. Kwa hiyo anzia mwisho ukirudi nyuma, ukitia "ya" na "wa" njiani: fomu ya ripoti ya ukaguzi wa uharibifu wa mzigo. "Monthly fuel consumption report" ni ripoti ya matumizi ya mafuta ya kila mwezi. Ukishazoea, hii haikusumbui tena.

Hatua ya 5: Maneno yenye sura mbili

Hapa kaa muda mrefu. Haya ndiyo yanayotuponza sisi tuliosoma soma kidogo.

Lianze lile la kwangu. "Good order" haina uhusiano na oda. Ni hali njema, kitu kiko sawasawa. "Outstanding" kwenye ripoti ya shule ni sifa kubwa. Kwenye ankara, "outstanding balance" ni deni ambalo hujalipa, kwa hiyo usifurahi. "Terms" si mihula, ni masharti. "Party" si sherehe, ni upande mmoja wa mkataba. "Interest" benki ni riba, lakini "conflict of interest" ni mgongano wa maslahi, na kwenye tangazo la zabuni "expression of interest" ni kuonyesha nia. "Execute the agreement" ni kuukamilisha mkataba kwa saini, hakuna anayenyongwa. "Leave" ni likizo, lakini "leave without pay" ni likizo isiyo na mshahara, na mtu anayeishia kusoma neno la kwanza huja kushtuka mwisho wa mwezi.

"Summary dismissal" nalo linawadanganya wengi. Watu wanadhani "summary" ni muhtasari. Hapa maana yake ni papo hapo: kufukuzwa bila notisi. Na "notice" yenyewe ina sura mbili. Ubaoni ni tangazo. Kwenye mkataba wa ajira ni muda unaompa mwenzako kabla ya kuachana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka usipungue siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, na siku 7 ikiwa bado uko ndani ya mwezi wa kwanza wa kazi. Mkataba ukikuandikia pungufu ya hapo, uliza.

Kuna maneno yanayoweza kuua. Kwenye pipa, "flammable" ni inayowaka. "Inflammable" nayo ni inayowaka, vilevile kabisa. Ile "in-" ya mbele inamdanganya mtu kwamba ni kinyume, kama "complete" na "incomplete". Si kinyume. Ukiwa kwenye boti la mizigo pale bandari ndogo ya Kibirizi, hapa Kigoma, na dumu lina neno hilo, sigara izimwe na jiko la mkaa liondolewe. Kwenye magunia utakuta "use no hooks", yaani makuli wasitumie ndoano. "Keep upright" ni lisimamishwe, lisilazwe. Wasomee makuli kwa sauti kabla hawajaanza kushusha, maana lawama ya gunia lililochanika itakuja kwako.

Hatua ya 6: Tarehe, saa na nukta

Kigoma ina matatizo yake hapa. Shirika la Marekani likiandika 05/06/2025, linaweza kuwa linamaanisha tarehe 6 Mei, wakati wewe umesoma tarehe 5 Juni. Tafuta tarehe nyingine kwenye karatasi hiyohiyo yenye namba iliyozidi 12. Ukiona 05/20/2025, umeshajua mwezi umetangulia. Usipoipata, uliza kwa kuandika jina la mwezi kwa herufi.

Saa nayo. "Cut-off 4:00 pm", yaani mwisho wa kupokea, ni saa kumi jioni, na "1600hrs" ni ileile: toa 12 upate 4, kisha ongeza sita kama kawaida. Mtu akikuandikia kutoka Bujumbura au Kalemie "09:00 local time", kumbuka wao wako saa moja nyuma yetu. Saa tatu yao asubuhi ni saa nne yako. "Saturday 00:30" ni ule usiku tunaouita wa kuamkia Jumamosi, kwa hiyo ukienda Jumamosi usiku umechelewa karibu siku nzima.

Ankara zinazovuka Ziwa Tanganyika kutoka kwa watu wa Kifaransa zinaweza kuandika 1.500,00 pale ambapo Kiingereza huandika 1,500.00. Nukta na mkato vimebadilishana viti. Bei ya elfu moja na mia tano isigeuke moja na nusu.

Kisha hesabu za siku. "By Friday" ni kabla Ijumaa haijapita, nayo ikiwemo. "Not later than" ni hivyohivyo. "Working days" zinaruka Jumamosi, Jumapili na sikukuu, "calendar days" zinahesabu zote. Ukipokea barua Alhamisi yenye siku 7 za "calendar", mwisho wako ni Alhamisi ijayo. Zikiwa "working days", unafika Jumatatu inayofuata Alhamisi hiyo, hata kama hakuna sikukuu katikati. Andika tarehe ya mwisho kwa kalamu pembeni ya karatasi, usiibebe kichwani. Mzigo wenye "free period", yaani siku za kukaa bure, bandarini unakula siku zake hata ukiwa msibani, na siku hizo zikiisha gharama ya kuhifadhi inaanza kupanda kila siku.

Hatua ya 7: "Gross", "tare" na "net"

Napenda kuyafundisha maneno haya kwa kutumia mizani, kwa sababu yanafanya kazi ileile kwenye mzigo na kwenye mshahara. Lori linapita kwenye mizani likiwa limejaa: kilo 24,600, hiyo ni "gross", jumla na vyote. Linapimwa tupu: kilo 9,400, hiyo ni "tare", uzito wa chombo. Tofauti ni "net", kilo 15,200, mzigo halisi. Mnunuzi analipia "net".

Sasa fungua slipu ya mshahara. "Basic salary" 400,000, "transport allowance" 50,000. "Gross pay" ni 450,000, jumla na vyote. Kisha "deductions", makato. NSSF ya asilimia 10 ni 45,000, inabaki 405,000 ya kukatwa kodi. Kodi ya PAYE haigusi 270,000 za kwanza, na kinachozidi hapo hadi 520,000 kinakatwa asilimia 8. Kilichozidi ni 135,000, asilimia 8 yake ni 10,800. "Net pay" ni 394,200. Hizo ndizo unazokwenda nazo nyumbani.

Mara nyingine pana mstari wa "employer's contribution". Huo ni mchango anaotoa mwajiri, usiutoe kwenye hela yako. "Arrears" ni malimbikizo, unalipwa au unadaiwa ya nyuma. "Advance" ni ile uliyochukua katikati ya mwezi, na hapo huna wa kumlaumu.

Tangazo la kazi linahitaji macho hayohayo. "Required" ni lazima uwe nacho. "Desirable" au "an added advantage" ni nyongeza, ukikosa bado omba. Vijana wengi wanaacha kuomba kwa sababu ya mstari wa nyongeza. "At least three years" ni mitatu au zaidi. "Duty station" ni kituo cha kazi. "Only shortlisted candidates will be contacted" maana yake kimya chao ndilo jibu.

Hatua ya 8: Upole wa barua pepe

Sisi tukiambiwa "tutaangalia" tunajua kilichosemwa. Kiingereza cha ofisini nacho kina mafumbo yake. "Kindly" mbele ya kitenzi ni amri iliyovaa kanzu. "At your earliest convenience" ukiitafsiri neno kwa neno utadhani umeambiwa ukipata nafasi. Bosi anamaanisha fanya mapema. "With immediate effect" ni kuanzia sasa hivi. "We regret to inform you" ikitokea mwanzoni, jibu ni hapana, hata yakifuata maneno matamu kiasi gani. "It has come to our attention that" ni onyo: wamejua. Kama jina lako liko kwenye "To", kazi ni yako. Likiwa kwenye "Cc", unajulishwa tu.

Barua inayotisha kuliko zote ni ya "show cause". Inasema "show cause why disciplinary action should not be taken against you within 48 hours". Wengi wakiiona wanadhani wameshafukuzwa, wanafungasha. La hasha. Unaambiwa utoe sababu za kukufanya usichukuliwe hatua, ndani ya saa 48. Hukumu haijatoka, mlango wa kujieleza uko wazi, na ukikaa kimya umeufunga kwa mkono wako. Kama Kiingereza kinakupiga chenga, jieleze kwa Kiswahili kilichonyooka, kwa maandishi, ndani ya muda.

Hatua ya 9: Kabla ya kalamu kugusa karatasi

Kamera ya simu inayotafsiri itumie kwa kupata picha ya jumla, sentensi mojamoja. Penye lango na penye "shall" au "may", rudi kwenye Kiingereza chenyewe ukaangalie kwa jicho lako. Karatasi zenye siri za ofisi usizipige picha ovyo.

Mkataba wa ajira usioelewa una dawa yake kisheria. Kifungu cha 15 cha ile sheria ya 2004 kinamtaka mwajiri akupe maelezo ya ajira kwa maandishi, na kama huyaelewi, ahakikishe umeelezwa kwa namna utakayoelewa. Huhitaji kufoka. Sema hivi: "Bosi, naomba nifafanuliwe ukurasa huu kwa Kiswahili kabla sijasaini." Kama anasitasita, omba ulale nao siku moja.

Na kwenye boneti, dereva akiwa na haraka yake, mwambie, "Kaka, tuhesabu kwanza, saini haikimbii." Shusha, hesabu, pekua safu ya chini. Halafu juu ya saini yako andika kwa wino: "186 bags dry, 14 bags wet." Dereva asaini pembeni na namba ya gari iandikwe. Akigoma, andika "Driver refused to sign", weka tarehe na saa, upige picha mifuko ikiwa bado iko kwenye gari. Jioni hiyohiyo andika barua ya mistari mitatu: "We refer to your delivery note" na namba yake, "14 bags were received wet", "We hereby claim for the loss." Ipeleke mkononi nakala mbili, moja ibaki kwao, ya kwako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.